Mwaka Mmoja wa Visiwani: Somo kwa Sisi wa Kaloleni

(Haya ni maneno yaliyosemwa na kamati yetu ya haki na maendeleo katika semina ya viongozi wa jumuiya ndogondogo, Kaloleni. Tumeyachapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika, na maswali ya mwisho ni ya kujadiliwa katika jumuiya.)



Mlituomba tuzungumze juu ya amani wakati wa kura. Jambo hili limesemwa mara nyingi hapa mtaani, na kila mara ni maneno yaleyale: tupendane, tusichukiane, tusikubali kutumiwa na wanasiasa. Ni maneno mazuri. Lakini mtu akishatoka nje ya lango la kanisa anajiuliza, sasa nifanye nini? Kwa hiyo leo hatutahubiri sana. Tutawaeleza habari za nchi ndogo ya visiwa iliyo jirani yetu, na mambo yaliyofanyika huko kwa muda wa mwaka mmoja tu, kuanzia Novemba 2009 hadi Novemba 2010. Nchi hiyo ni Zanzibar.

Kuna atakayesema, aa, Zanzibar si nchi, ni sehemu ya Tanzania. Kweli, iliungana na Tanganyika tarehe 26 Aprili 1964. Hata hivyo ina rais wake, katiba yake, bendera yake, na bunge lake linaloitwa Baraza la Wawakilishi. Na ni ndogo kweli. Mwaka 2010 watu wake wote, Unguja na Pemba, walikuwa wapata milioni 1 na robo. Nairobi yetu peke yake ilihesabiwa watu zaidi ya milioni 3 mwaka 2009. Mahali padogo namna hiyo watu wanajuana, na kwa hiyo wakikosana wanaumizana sana. Sisi wa Kaloleni tunalielewa hilo.

Jina la mtaa wetu liko pia Pwani, kule Kilifi, na katika lugha za huko kulola ni kutazama. Basi leo twende tukatazame.

WALIKOTOKA

Ugomvi wa Zanzibar haukuanza jana. Mwezi Juni 1961, kabla hata ya uhuru, kulikuwa na uchaguzi, na siku ya kura watu walianza kupigana. Watu 68 walikufa. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963, na mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yakatokea mapinduzi. Damu nyingi ilimwagika, na wengi walikimbia nchi. Watoto walirithi majeraha ya baba zao, na hata asiyezaliwa wakati huo alijua nyumba yao ilikuwa upande gani.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, mgawanyiko ule ulirudi ukivaa nguo mpya. Upande mmoja CCM, upande mwingine CUF. Uchaguzi wa 1995 Dakta Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2, naye Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF akapewa 49.8. Nchi imekatwa katikati kama chungwa. CUF walikataa matokeo. Na hapo ndipo siasa ilipoingia ndani ya nyumba. Kuna mahali, hasa Pemba, ambapo mtu wa chama hiki hakununua chumvi katika duka la mtu wa chama kile. Hawakualikana harusini. Walifika mahali pa kutozikana.

Hebu fikirini jambo hilo. Hapa kwetu mtu akifariki, hatuulizi kwanza alipigia nani kura. Tunaweka kikao cha matanga, tunachanga, tunatafuta gari la kupeleka mwili nyumbani. Jirani asipokuja kwenye kikao, tunajua kuna jambo kubwa. Watu wakiacha kuzikana, ujirani umekufa, hata kama bado wanaishi ukuta kwa ukuta.

Baada ya uchaguzi wa 2000 mambo yalizidi. Tarehe 26 na 27 Januari 2001 watu wa CUF waliandamana, na askari wakafyatua risasi. Watu wasiopungua 30 waliuawa, wengi wao Pemba. Wengine zaidi ya 2,000 walipanda mashua wakavuka bahari usiku na mchana mpaka Shimoni, kusini mwa Pwani yetu. Tanzania, nchi ambayo kwa miaka mingi ilipokea wakimbizi wa wengine, safari hiyo ilitoa wakimbizi wake, na sisi Wakenya ndio tuliowapokea.

Wakubwa walijaribu kusuluhisha. Mapatano ya kwanza, waliyoyaita Muafaka, yalitiwa sahihi mwaka 1999. Ya pili yalitiwa sahihi Oktoba 2001. Mazungumzo mengine yalikwama mwaka 2008. Karatasi zilikuwapo, sahihi zilikuwapo, lakini kila uchaguzi ukija watu wanaanza tena kufunga milango mapema.

WATU WAWILI WANAKAA KITAKO

Sasa tufike kwenye mwaka wenyewe. Tarehe 5 Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu ya Zanzibar, ana kwa ana. Hakukuwa na mpatanishi kutoka ng'ambo, hakukuwa na hoteli ya kifahari. Walizungumza, wakapeana mikono. Siku chache baadaye Maalim Seif aliwaambia wafuasi wake kwamba chama chao sasa kinamtambua Karume kuwa Rais wa Zanzibar. Wengine hawakufurahi hata kidogo. Walikuwa wamepigwa, walikuwa wamezika watu wao, na sasa wanaambiwa wamkubali!

Tusilipite jambo hili haraka. Ni rahisi kumsema adui mbele ya watu wako, kwani utapigiwa makofi. Kazi ngumu ni kuwaambia watu wako jambo wasilotaka kulisikia. Karume naye alikuwa na wakali katika chama chake, waliosema kwamba kumkaribisha mpinzani ndani ya serikali ni kuyauza mapinduzi. Kila mmoja alikuwa na watu nyuma yake wa kumvuta shati. Katika kitabu cha Mwanzo tunasoma jinsi Yakobo alivyomwogopa Esau ndugu yake kabla ya kukutana naye. Hakumkwepa. Alitembea mbele ya jamaa yake kumwendea.

MIEZI YA GIZA

Kabla makofi hayajapoa, stima ikapotea. Unguja ilikuwa inapata umeme kwa waya mmoja uliopita chini ya bahari kutoka bara, na Desemba 2009 mitambo yake iliharibika. Kisiwa kizima kilikaa gizani mpaka Machi 2010, karibu miezi 3.

Hapa Eastlands stima ikipotea siku 2 tunapiga kelele. Miezi 3! Pampu za maji hazikufanya kazi, kwa hiyo akina mama walibeba ndoo. Wavuvi walikosa barafu. Fundi wa kuchomelea vyuma na mshonaji wa cherehani ya umeme walikaa bure. Mwenye pesa aliwasha jenereta, asiye na pesa akawasha kibatari.

Kwa nini tunalitaja? Kwa sababu maisha ya nchi si vikao vya wakubwa tu. Mwananchi aliyekuwa akiambiwa juu ya umoja wa kitaifa ndiye huyohuyo aliyekuwa akitafuta maji. Giza halikuchagua CCM wala CUF. Mwezi Juni 2010 Pemba nayo iliunganishwa kwa waya wake wa chini ya bahari kutoka Tanga, na kisiwa kilichokuwa kikitegemea mashine za dizeli kikapata umeme wa kutegemeka zaidi. Kwa watu wa Pemba, ambao kwa miaka mingi walilalamika kwamba wameachwa nyuma, hilo pia lilikuwa neno la amani. Maneno bila maji na bila taa hayashibishi.

WALIIPELEKA KWA WANANCHI

Mwishoni mwa Januari 2010, katikati ya giza hilo, Baraza la Wawakilishi lilijadili hoja iliyoletwa na kiongozi wa upinzani, Abubakar Khamis Bakary. Hoja ilisema: iwepo serikali ya umoja wa kitaifa, lakini kwanza wananchi waulizwe. Wawakilishi wa pande zote mbili waliikubali. Ikatungwa sheria ya kura ya maoni.

Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari walipiga kura: ndiyo au hapana. Asilimia 66.4 walisema ndiyo. Waliosema hapana walikuwa thuluthi moja, nao si wachache. Lakini walisema kwa karatasi, wakahesabiwa, wakaenda nyumbani kwa amani.

Mnakumbuka sisi tulikuwa wapi wiki hiyo? Siku 4 baadaye, tarehe 4 Agosti 2010, tulikuwa kwenye foleni tukipigia kura katiba yetu mpya. Nasi theluthi mbili hivi tulisema ndiyo. Majirani wawili, wiki moja, kila mmoja akitafuta dawa ya jeraha lake. Letu lilikuwa la Desemba 2007 na Januari 2008, ambapo tume ya Jaji Waki ilihesabu Wakenya 1,133 waliokufa. Katika mitaa ya Eastlands kuna majirani waliohama usiku na godoro kichwani kwenda kukaa na watu wa lugha yao.

Baada ya kura ile, mwezi Agosti 2010, katiba ya Zanzibar ilibadilishwa. Atakayekuwa wa kwanza katika uchaguzi anakuwa Rais. Chama kinachofuata kinatoa Makamu wa Kwanza wa Rais. Chama cha Rais kinatoa Makamu wa Pili. Mawaziri wanagawanywa kwa kufuata viti vya vyama katika Baraza.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kiini cha habari yetu. Haya yote yalikubaliwa KABLA ya uchaguzi. Hakuna aliyekuwa na hakika nani atakuwa Rais na nani atakuwa Makamu. Ni kama mama anayewaambia watoto wawili: mmoja akate mkate, mwingine achague kipande. Huyo wa kisu atakata sawasawa, kwa sababu hajui atakipata kipi. Mkishajua nani ameshinda, kila neno linakuwa la ujanja: aliyeshinda hataki kugawa, aliyeshindwa anataka kubomoa.

KURA 3,471

Uchaguzi ulifanyika tarehe 31 Oktoba 2010. Karume alikuwa amemaliza vipindi vyake viwili. CCM walimsimamisha Dakta Ali Mohamed Shein, na CUF Maalim Seif, wote wawili wazaliwa wa Pemba. Matokeo yalisomwa siku iliyofuata katika hoteli ya Bwawani. Dakta Shein kura 179,809. Maalim Seif kura 176,338.

Pigeni hesabu. Tofauti ni kura 3,471. Hao ni watu wa mtaa mmoja tu wa Eastlands. Tofauti ndogo kama hiyo mwaka 1995 ilileta miaka ya chuki. Safari hii Maalim Seif aliyakubali matokeo. Dakta Shein aliapishwa tarehe 3 Novemba, na siku chache baadaye Maalim Seif akawa Makamu wa Kwanza wa Rais, naye Balozi Seif Ali Iddi wa CCM akawa Makamu wa Pili. Katika majimbo 50, CCM walipata viti 28 na CUF 22, na mawaziri wakatoka pande zote mbili. Mwaka mmoja tu baada ya mkutano wa Ikulu!

Je, walikuwa wameanza kupendana? Hatujui mambo ya moyoni, Mungu ndiye anayajua. Tunachojua ni kwamba aliyeshindwa alikuwa na mahali pa kukaa. Mtu akijua kwamba akishindwa kura atapoteza kazi, shamba, kitambulisho na heshima, atapigana mpaka mwisho. Akijua kwamba kesho bado yumo, anaweza kulala.

LAKINI HAIKUISHIA HAPO

Hatutaki mwondoke mkidhani kwamba Zanzibar iligeuka paradiso. Mwezi Mei 2012 kulikuwa na ghasia na makanisa yakachomwa. Tarehe 17 Februari 2013 Padri Evarist Mushi alipigwa risasi akafa, asubuhi ya Jumapili akienda kusoma Misa. Vyama viwili vilikuwa vimepatana, lakini kulikuwa na watu wengine wenye uchungu wao ambao hawakuwa katika mapatano yale.

Halafu ukaja uchaguzi wa tarehe 25 Oktoba 2015. Siku 3 baadaye, kabla matokeo ya urais hayajamalizika kutangazwa, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi ya Zanzibar alisema uchaguzi wote umefutwa. Uchaguzi ulirudiwa tarehe 20 Machi 2016, CUF wakakataa kushiriki, na Dakta Shein akatangazwa kwa asilimia 91. Serikali ya umoja ikavunjika. Nyumba iliyojengwa kwa mwaka mmoja ilibomoka kwa tangazo la siku moja.

Hata hivyo msingi haukung'olewa, kwa maana katiba haikubadilishwa. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2020, ambao nao ulikuwa na malalamiko na damu, Maalim Seif, sasa akiwa katika chama cha ACT-Wazalendo, alikubali tena kuwa Makamu wa Kwanza, chini ya Rais Hussein Mwinyi. Aliapishwa Desemba 2020, akafariki tarehe 17 Februari 2021. Kiti chake kilichukuliwa na mtu wa chama chake, Othman Masoud Othman, kama katiba inavyosema. Mtu alikufa, kiti kikabaki. Hiyo ndiyo faida ya kuandika jambo katika sheria.

NA SISI JE?

Hapa Kenya nasi tumepeana mikono. Februari 28, 2008, Kibaki na Raila walitia sahihi mapatano mbele ya Kofi Annan. Machi 9, 2018, Uhuru na Raila walifanya handisheki kwenye ngazi za Harambee House. Mara zote mbili watu walipumua. Lakini angalieni: mara zote mbili ilikuwa BAADA ya watu kufa. Tulikatana kwanza, tukatafuta bandeji baadaye.

Sisi wa Kaloleni hatuna Ikulu. Tuko na nyumba za kanjo, tuko na maji yanayokuja yakipenda, tuko na ukumbi wetu ambamo viongozi wa miaka ya 1950 walisimama kudai uhuru. Tuko pia na watu wa lugha nyingi katika ploti moja. Kwa hiyo tunaweza kufanya madogo yetu, na tuyafanye mapema.

Kwanza, vikundi vya matanga na vyama vya akina mama viandike katika kanuni zao, kwa maneno machache, kwamba hakuna mwanachama atakayenyimwa mchango wala kuzuiliwa kikaoni kwa sababu ya kabila au chama. Iandikwe sasa, hewa ikiwa imetulia. Wakati wa joto hakuna atakayekubali kuiandika.

Pili, wazee wa lugha mbalimbali wakutane miezi mingi kabla ya kura, wapeane namba za simu, na wakubaliane: uvumi ukitokea, nani atampigia nani kabla kijana hajaokota jiwe?

Tatu, tusaidie vijana wapate vitambulisho. Huko Zanzibar mwaka 2009 wananchi wengi walilalamika kwamba walinyimwa kitambulisho cha ukaazi na masheha, ambao ni kama machifu wetu, na bila hicho hawakuandikishwa kupiga kura. Mtu asiye na karatasi ya kupigia kura, mwisho wake atatafuta njia nyingine ya kusikika.

Nne, tuulize wale ambao hawako katika vikao vyetu. Wapangaji wa vibanda vya mabati, vijana wa stendi, ndugu zetu Waislamu. Mapatano yanayomwacha mtu nje yanamtengenezea sababu ya kuyavunja.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Katika ploti yenu, ni nani ambaye hamjasalimiana tangu uchaguzi uliopita? Nani ataanza kumwendea?

2. Je, kuna jambo ambalo viongozi wetu wanapaswa kutuambia lakini wanaogopa kwa kuwa hatutapiga makofi? Tutawapa nafasi ya kulisema?

3. Mtu wenu akishindwa katika kura, atabaki na nini hapa mtaani? Na mtu wa jirani yako?

4. Kikundi chenu kina kanuni zilizoandikwa? Zinasema nini juu ya yule asiye wa lugha yenu?

Kila jumuiya ilete majibu yake kwa katibu wa parokia, nasi tutayachapa katika toleo lijalo.

Bwana wetu alitufundisha kwamba mtu akikumbuka ugomvi na ndugu yake aache kwanza sadaka yake, aende akapatane, ndipo arudi. Hakusema asubiri mpaka baada ya uchaguzi. Mungu awabariki nyote, na aubariki mtaa wetu.